Unga Usionuka

Kule nilikozaliwa, chini msituni upande wa Pinga, unga wa muhogo ulijulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa macho. Mihogo ilikaa mtoni mpaka ikaoza, ikatolewa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ikakaushwa juu ya moshi, ikatwangwa. Ukipita nyuma ya nyumba ya mtu na harufu isikukamate kooni, ulijua kwamba pale leo hawana cha kupika. Sisi tulizaliwa ndani ya harufu hiyo na hatukuisikia tena.

Kisha nikaolewa mlimani. Mume wangu alikuwa ameteremka kwetu na watu wa kazi ya barabara, tukaonana, wazee wakakaa, na miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa nimekwisha panda na kikapu mgongoni mpaka kwao, nyuma ya Mushaki. Ni watu wa maharage na viazi, Wakristo wa siku nyingi, waliolima mgongo ule ule wa kilima tangu babu zao. Jambo la kwanza nililojifunza huko ni baridi. La pili ni kwamba watu wa mlimani huwatazama watu wa msituni kwa jicho la pembeni. Wanasema sisi tunajua kila jani, na ajuaye jani la kuponya analijua na la kuua. Mama mkwe wangu hakuniambia hivyo hata siku moja. Aliwaambia kuku wake, kwa sauti, mimi nikiwa nafagia uwanja.

Kulikuwa na desturi pale: anayeandaa chakula huonja kwanza, ili walaji waone kwamba hakuna kitu ndani. Kwetu pia tunafanya hivyo, lakini kwa wageni. Mlimani niliambiwa nionje hata kwa watu wa nyumbani, kwa kuwa nilikuwa mpya. Nikazaa mtoto wa kike, akaota meno, akatembea, akaanza kujibu watu, na hakuna aliyeniambia kwamba sasa inatosha. Nikaendelea kumega kipande changu kidogo mbele ya watu kila chakula, nikakimeza, nikaisukuma sahani kwao.

Muhogo wao ulikuwa mtamu, ule wa kuchemsha na kula na maharage. Kisha akapita kapita wa kilimo, msimamizi wa mashamba, na amri ya serikali: kila nyumba ipande mbegu mpya ya muhogo, isiyoliwa na nguruwe wala mwizi, ikae ardhini kungoja njaa. Nilizitambua zile fimbo za kupanda nilipoziona tu. Nikamwendea mama mkwe.

"Mama, hii muhogo njo ile ya kwetu. Haichemshwe. Inalala kwanza kwenye mutoni."

"Usiku ngapi?"

"Usiku tatu."

Ndivyo tulivyofanya kwetu, na ndivyo nilivyojibu. Hakuuliza lingine. Kazi ya mtoni akaichukua yeye mwenyewe, na mimi ni nani nimfundishe mama mkwe kazi? Alizamisha mihogo, akaifunika kwa majani ya migomba na mawe, usiku wa tatu ukapita akaitoa, akaikata, akaikausha juu ya jiko. Unga ulitoka mweupe. Akaniletea kiganjani, akaniwekea chini ya pua.

"Unasikia nini?"

"Sisikie kitu, Mama."

"Njo vile. Kwenu munaacha inaoza juu ya uvivu. Huku tuko watu safi."

Nami, niseme kweli, nilimsadiki. Nilidhani maji ya mlimani ni bora kuliko yetu, kama walivyopenda kuniambia juu ya kila kitu chao. Sokoni Mushaki unga wake ukapata sifa. Wanawake walikuwa wanauliza, yuko wapi yule mama wa unga usionuka, na yeye anajifanya hasikii mpaka waulize tena.

Halafu ukaja msimu mbaya. Mvua iliangukia maharage yakiwa katika maua, yakaoza yote. Tukabaki na bukari, ugali wa muhogo, asubuhi bukari, jioni bukari, na majani kidogo pembeni. Watu wa nyumba wakaanza kulalamika. Mama mkwe alijifunga kitambaa kichwani kwa maumivu yaliyokuja kila baada ya kula. Binti yake wa mwisho, wifi yangu, msichana mkubwa ambaye watu wa upande wa mchumba walikuwa wamekwisha anza kuja kumtazama, alisema ardhi inayumba. Tukamcheka. Tukasema amelewa ndoa.

Mimi sikuwa nikila. Nilikuwa na mimba changa, ya wiki chache, na kwetu mimba ya namna hiyo haitangazwi, haitajwi, mtu huificha kama yai kwapani. Harufu ya chakula chochote ilinifukuza. Nilionja kipande changu, nikaisukuma sahani, nikaenda nyuma ya jiko kula ndizi mbivu. Binti yangu alikuwa anakunywa maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe niliyemsaidia kulima, bukari aliichezea tu. Mume wangu sasa alifanya kazi kwa wazungu wa shamba la pareto, akila huko na kurudi Jumamosi.

Sasa yapange mambo hayo kama mtu mwenye shaka. Mpishi hali. Mtoto wa mpishi amenenepa. Mume wa mpishi mzima. Wengine wote vichwa vinawapasuka. Hata mimi ningejishuku.

Asubuhi moja wifi yangu alitaka kuamka akateke maji, miguu ikakataa. Hakuwa na homa. Hakuwa ameanguka wala kugongwa. Magoti yalikuwa yamegandana, vidole vya miguu vimejinyoosha kuelekea chini, na mama yake alipomwinua alidondoka kama kikapu kisicho na kitako. Alilia, "Mama, miguu yangu iko wapi?" Sote tulikimbilia. Mama mkwe alimshika binti yake mabegani, kisha akageuka. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

Tangu hapo nyumba ikawa na vyungu viwili, kimoja chake na kimoja changu ambacho hakuna aliyekigusa, ingawa unga wa ndani ulikuwa ule ule mmoja. Sala ya chakula ilirefuka mpaka bukari ikapoa. Nikichuma sombe, majani ya muhogo ya mboga, alikuja nyuma yangu akaifungua jani kwa jani. Nikiingia mahali, maneno yalikufa. Nami nikaanza kuwapeleleza waliokuwa wakinipeleleza: kwa nini yule amecheka, kwa nini huyu amepita njia ya nyuma, kile walichozika karibu na mgomba ni kitu gani? Walikuwa wamezika paka. Nilikwenda kufukua kuona.

Baya kuliko yote, mama mkwe alimchukua mtoto wangu. Alisema nyumba yake ina joto zaidi. Mtoto akalala huko, akala huko, na nikimwita kutoka uwanjani alikuwa anasimama mlangoni kwa bibi yake, ananitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa wengine. Nikasikia mama mkwe akiwaambia kuku wake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha wazee wa ukoo wakasema watakaa wiki mbili mbele, baada ya ibada ya Jumapili. Hakuna aliyenificha watakachosema. Mimi nirudi chini kwetu. Mtoto abaki, kwani mtoto ni wa ukoo. Yule aliyekuwa tumboni hawakumjua, na kwa hasira niliapa hawatamjua.

Jumamosi nikamshika mume wangu.

"Wewe unasema nini?"

"Tungoje."

"Tungoje nini? Mpaka wanifukuze na mutoto wangu abaki?"

Aliigeuza kofia yake mikononi kana kwamba jibu limeandikwa ndani yake. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa wa kungoja, na mimi nilikuwa nawaka.

Kwa bahati wanawake wa mafuta ya mawese walikuwa wanapanda mara kwa mara kutoka kwetu kuja kuuza Mushaki. Nilikuwa nimekwisha mtuma mmoja wao kwa mama yangu. Mama alifika siku chache kabla ya hiyo Jumapili, miguu imevimba, kikapu mgongoni, na kabla ya kusalimia vizuri akasema ana njaa. Nilitaka kuzama ardhini. Kuomba chakula katika nyumba inayosema umezaa mchawi! Lakini mama mkwe ni mtu wa desturi. Mgeni ni mgeni. Akapika mwenyewe, akaonja mwenyewe mbele ya mama yangu, akaketi kungoja.

Mama alikata tonge, akalipeleka puani, akaliacha hapo.

"Dada, hii unga mulitengeneza namna gani? Hainuke."

"Ndiyo, hainuke," mama mkwe alisema, na hata katika huzuni ile sauti yake ilinyanyuka kidogo.

"Basi haijaoza. Na kama haijaoza, ile mubaya yake iko bado ndani."

"Umekuja kufunika binti yako."

"Nimekuja kula," mama alisema, akalirudisha tonge sahanini. "Nionyeshe mutoni."

Tukateremka watatu. Mihogo mingine ilikuwa majini tayari, usiku wake wa tatu umepita, ilingoja kutolewa siku ile. Mama alikunja nguo yake mpaka magotini, akaingia kijitoni, akaruka nje akiita jina la Yesu. Nilicheka. Wiki zile zote sikuwa nimecheka, na kicheko kikanitoka vibaya, karibu na kilio. Maji ya Mushaki yanauma mifupa, lakini mimi nilikuwa nimekwisha yazoea. Mama akanyoosha mkono akatoa muhogo mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia. Akaugonga kwenye jiwe, ukalia kama kuni.

"Usiku tatu ni ya maji ya kwetu," alisema. "Kwetu maji iko na joto, inafanya kazi usiku na muchana. Hii yenu inalala. Muhogo haihesabiwe, dada. Inaguswa."

Kwetu tulihesabu kwa sababu maji yetu hayakuwahi kutudanganya. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba usiku una nguvu tofauti hapa na pale.

Mama akasema tena kwamba miguu ya namna ile aliiona, mwaka mmoja wa njaa, kwa watu waliotoa mihogo mapema kwa kukosa subira, wakaila peke yake bila maharage wala samaki. Hawakurogwa na mtu. Ni ule uchungu wa muhogo uliowafunga.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanielekezea kidevu.

"Na yeye? Juu ya nini yeye alikataa kula?"

Mama akanigeukia. Alinitazama shingoni, akanitazama kifuani, kama mama wanavyotazama.

"Munakaa naye nyumba moja na hakuna aliyeona? Iko na mimba."

Nilisikia aibu na hasira pamoja. Siri yangu ilimwagwa kandokando ya maji, mbele ya mtu niliyetaka aijue wa mwisho. Mama mkwe alichukua muhogo kutoka mkononi mwa mama, akaubonyeza mwenyewe, akaubonyeza tena upande wa pili.

Msidhani aliamini. Siku ile ile alirudisha mihogo majini, akatukataza sisi wawili kukaribia kijito, akakaa pale juu ya jiwe na jembe lake, akirudi nyumbani kwa kulala tu. Alikuwa anailinda mihogo dhidi yetu. Jumapili ikafika, wazee wakaja, akawaambia wangoje, hajamaliza. Walikasirika, wakanywa pombe, wakaenda. Na mihogo ikalala, ikalala, mpaka asubuhi moja upepo ulipopanda kutoka bondeni ukaleta ile harufu. Nilisimama uwanjani nikaivuta kifuani. Ilikuwa kama mtu wa kwetu ameniita kwa jina.

Mama mkwe alipanda nayo uso ameugeuzia pembeni. Akaikausha, akaitwanga, akapika, akala peke yake, akaketi na mikono magotini kungoja kichwa kimuume. Hakikumuuma. Akala tena kesho yake, na siku zilizofuata. Sisi wengine tulikuwa tunamtazama kwa wizi, kila mtu kutoka mlango wake. Siku moja alifungua kitambaa kichwani, akakitundika kwenye ugo, akaenda shambani. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo yake.

Soko lililofuata alibeba unga wote wa zamani mpaka Mushaki, akaumwaga barabarani mbele ya wateja wake. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia.

"Ile mulinunua kwangu mbele, muitupe. Iko na sumu yake yenyewe. Hakuna mutu aliyeitia."

Wengine walimshukuru. Wengine walinong'ona kwamba mkwe wa msituni amekwisha mtawala hata ulimi. Mpaka nilipozeeka, kulikuwa na mama mmoja pale sokoni ambaye alipindisha njia aliponiona. Mdomo wa soko haufuliwi.

Wifi yangu hakupona. Alijifunza kutembea kwa fimbo mbili, magoti yakisuguana, akiinuka juu ya vidole. Watu wa mchumba waliacha kuja, bila neno. Jambo hilo linaniuma hata leo, na linaniuma zaidi kwa sababu hakuna wa kumbebesha. Ningekuwa nimepata mchawi, ningemchukia nikapumzika.

Mama yangu alirudi chini. Wazee hawakukaa tena. Lakini mtoto wangu alibaki kwa bibi yake, kwani hakuna aliyesema arudi, na jambo lisilosemwa mlimani linaweza kukaa miaka. Nikamwambia mume wangu. Akasema tungoje. Sikungoja. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mama mkwe, adhuhuri, mikono ina unga.

"Mama, nataka mutoto wangu."

"Nilikuwa nakuja kumuleta," alisema. Kama ni kweli, sijui. Nilimshuku na nitamshuku.

Nikamshika mtoto mkono tukavuka uwanja. Nilikuwa nimekwisha pika bukari, ile inayonuka, na sombe. Nikamketisha juu ya mkeka, nikakata tonge dogo, nikalichovya, nikalipeleka mdomoni mwake.

Akaufunika mdomo kwa mikono miwili.

Haikuwa jeuri ya mtoto. Jeuri ya mtoto naijua, nimelea saba. Ile ilikuwa hofu. Macho yake yalipita juu ya bega langu yakaenda mlangoni, nami nikageuka nikamwona mama mkwe amesimama pale. Alikuwa ametufuata. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani amemfundisha mtoto vile. Tulijua wote watatu, mkono wangu bado uko hewani na lile tonge, mchuzi unanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilimchukia yule mwanamke wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia siku zote za vyungu viwili. Kunifukuza ningevumilia. Hili aliloliweka ndani ya mtoto, ningelitoa kwa dawa gani?

Aliingia. Akateremka taratibu, kwa magoti yake ya uzee, akaketi chini kwenye mkeka wangu kando ya mtoto. Sikuwahi kumwona akiketi chini katika nyumba yangu. Wala sikuwahi kusikia, kwetu au kwao, mama mkwe akilishwa kwa mkono na mke wa mwanawe kama mtoto au kama mtu wa kufa. Akanielekezea uso. Akafumba macho, akafumbua mdomo.

Nilimwacha angoje. Naam, nilimwacha. Nilitazama meno yake machache na ulimi wake, na mtoto akamtazama, na yeye hakufunga.

Kisha nikamtilia tonge. Alitafuna mdomo wazi, vibaya, ili mtoto aone, akameza, akafumbua tena. Nikakata lingine. Sikuwa nimemsamehe, lakini nilikata, nikachovya, nikamlisha, akameza. Nilikuwa nakata jingine mtoto alipoondoa mkono mmoja.